Mtoto Huyo ni Wako?

Njia ya Nyarukoma haikuwa njia ya kumtisha mtu. Tuanze na hilo, maana wengi waliosikia habari hii baadaye walidhani Dainess alipotelea porini, kwenye korongo au kwenye vichaka vya nyani. Hakupotelea popote. Alikuwa kwenye njia iliyofagiliwa, pana ya kutosha watu wawili kupishana, iliyopangwa mawe meupe pembeni, ndani ya msitu wa serikali ambao yeyote aliruhusiwa kuingia. Njia yenyewe inaanzia kwenye kibanda cha mlinzi, inapanda taratibu katikati ya miyombo, inatokea mahali pa wazi ambapo unaliona Ziwa Tanganyika lote chini yako, kisha inashuka kwa upande wa pili na kukurudisha kwenye kibanda kilekile. Mwendo wa saa moja na robo, basi. Wanakwaya waliipanda na viatu vya Jumapili. Wajawazito waliipanda. Mzee mmoja mstaafu wa reli aliipanda akisukuma baiskeli, sijui baiskeli ya nini.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1996, miaka ile ambayo Kigoma nzima ilikuwa inapokea watu. Mitumbwi ilitua kutoka Burundi imejaa mpaka ukingoni, na malori ya misaada yalipanda barabara ya Kasulu kuelekea kambini, vumbi lake halitulii pale Kidahwe asubuhi hadi jioni.

Dainess alikuwa fundi cherehani wa Mwanga, Kigoma mjini, Muha wa kijiji cha Kalinzi, mwanamke wa adabu kupita kiasi. Akikutana na mtu mzima njiani husimama, hupinda magoti, hupiga makofi ya polepole kama alivyolelewa, na huuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za mbuzi, kila moja kwa zamu yake. Mumewe Erick, mtumishi wa idara ya maji aliyeletwa na uhamisho kutoka Njombe, alikuwa hajui Kiha na hakuwa na subira hiyo. "Mama Noel," humtania, "ninyi mkianza kusalimiana, ugali unapoa."

Walikuwa na mtoto mmoja, Noel, wa miaka minane. Na tangu mwezi Machi walikuwa na mwingine.

Huyo wa pili walimwita Mgeni. Alikuwa msichana wa kama miaka mitano. Wavuvi walimkuta alfajiri, ameketi peke yake kwenye mchanga, ufukwe ulio chini ya kilima hichohicho cha Nyarukoma. Hakuwa na jeraha. Gauni lake lilikuwa kavu. Hakusema jina lake wala la mama yake, wala neno lolote, siku hiyo na miezi mitano iliyofuata. Ofisi iliyoshughulikia watoto waliopotezana na wazazi ilikuwa inatafuta familia za kuwahifadhi kwa muda, na Dainess, aliyekwenda pale kupeleka sare alizoshona, akarudi nyumbani na mtoto mgongoni.

"Kwa muda," Erick alisema siku ile. "Tusimpe jina. Ana jina lake, na wenyewe watakuja."

Wenyewe hawakuja. Sasa ofisi ilikuwa imewaita Jumatatu. Ama waandikishe kwamba mtoto ni wao, moja kwa moja, ama apelekwe kwenye kituo cha watoto kule kambini. Erick hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu. Aliogopa uhamisho mwingine, aliogopa kumlea mtoto asiyesema, aliogopa siku atakapotokea baba mtu mlangoni. Akasema apelekwe kituoni. Dainess akanyamaza, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ndiyo. Tangu siku ile mishono yake yote ilikuwa inapinda, na wateja waliona.

Jumapili, baada ya kanisa, Erick akasema wampeleke Mgeni Nyarukoma. Wamtembeze. Aone mahali pazuri kabla ya kuondoka.

"Hakuna pa kupotea," Gervasi, mlinzi wa msitu, aliwaambia kibandani. "Mfuate mawe meupe tu. Njia yenyewe itawaleta hapa. Ila kumi na mbili jioni nafunga."

Ilikuwa saa tisa na nusu.

Walipanda bila shida. Noel alikimbia mbele akitafuta nyani, Erick akimfuata kwa kelele za kumtaka asikimbie. Mgeni alitembea kama anavyotembea siku zote, ameshika pindo la kitenge cha Dainess, hatua zake ndogo zikivunja majani makavu. Kwenye mahali pa wazi wakakaa, wakala karanga. Ziwa lilikuwa limetulia na milima ya Kongo haikuonekana kwa moshi wa kiangazi. Mgeni alikula karanga moja moja, na kila ya tatu alimpa Dainess. Hakuna aliyemfundisha hivyo.

Dainess alitazama pembeni ili asilie mbele ya watoto.

"Tulikubaliana, Mama Noel," Erick alisema taratibu.

"Sijasema kitu."

"Najua hujasema."

Noel akataka kushuka. Erick akaenda naye. Dainess akasema atakuja polepole na mtoto, maana hakutaka mumewe auone uso wake. Akakung'uta maganda ya karanga kutoka kwenye gauni la Mgeni, yakabaki rundo dogo juu ya jiwe, wakaanza kushuka.

Kwenye kona ya pili ya mteremko ilikuja harufu.

Matope ya ziwani. Matope mabichi, yenye magugu na samaki. Juu ya kilima, mwezi wa Agosti, mahali ambapo ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukame.

"Mwiriwe," sauti ikasema.

Bibi mmoja alikuwa ameketi pembeni ya njia, mgongo kwenye mti, miguu ameinyoosha. Alikuwa mwembamba, na kichwani amejifunga kitambaa cheusi. Salamu ilikuwa ya Kirundi. Dainess akasimama papo hapo, akapinda magoti, akapiga makofi, akaitikia kwa Kiha. Lugha hizo mbili husikilizana, na salamu zikaenda kama kawaida. Za nyumbani. Za safari. Za watoto.

Bibi akamtazama Mgeni.

"Mtoto mzuri," akasema. "Mtoto huyo ni wako?"

Hapa inabidi ujue kitu kimoja. Huko Kalinzi alikokulia Dainess, mtu usiyemjua akikusifia mtoto, huwezi kumjibu asante. Hiyo ni kuita husuda ije ikae sebuleni. Unamshusha mtoto. Unasema ana makamasi, anakojoa kitandani, hana akili. Na kama msifiaji humfahamu kabisa, unamkana kabisa. Unasema si wangu, nimeokota tu. Jicho baya likisikia hivyo linaondoka kutafuta mtoto mwenye mwenyewe. Dainess alikuwa amemkana Noel hivyo mara mia, sokoni, kliniki, hata mlangoni mwa kanisa, na Noel alikuwa amenenepa na kuwa mkorofi.

Basi alijibu bila kuwaza. Akacheka kidogo, kama inavyotakiwa.

"Aa, si wangu, bibi. Nimeokota tu."

"Haya," bibi akasema.

Wakaagana. Dainess akaendelea kushuka. Alitembea kwa muda, akiwaza juu ya Jumatatu, akiwaza atamfungia Mgeni nguo zipi, na njia ikageuka, ikapanda kidogo, akashangaa kwa nini inapanda.

Akatokea mahali pa wazi.

Ziwa chini yake. Jiwe. Juu ya jiwe, rundo dogo la maganda ya karanga.

Dainess alisimama akiyatazama maganda yale. Kisha akajicheka. Akajiambia amechoka, amepitiwa, kuna mahali amegeuka bila kujua. Mwanamke mzima kapotea kwenye njia ya wajawazito! Erick angemcheka mwaka mzima. Akaita, "Baba Noel!" Hakuna aliyejibu. Akashika mkono wa Mgeni ili waanze upya.

Mkono ulikuwa wa baridi.

Wakashuka. Safari hii alihesabu mawe meupe, la kwanza, la pili, la tatu, na macho hakuyatoa njiani. Kona ya kwanza. Kisha harufu.

Bibi hakuwa ameketi tena. Alikuwa amesimama katikati ya njia. Na sasa Dainess aliiona miguu yake, peku, inang'aa kwa maji. Chini ya nyayo zake vumbi lilikuwa limegeuka tope.

"Mwiriwe," bibi akasema.

Moyo wa Dainess ulikuwa unataka kukimbia. Lakini magoti yake yalipinda yenyewe. Mikono ikapiga makofi yenyewe. Adabu ya miaka thelathini haiulizi ruhusa. Akasikia mdomo wake ukiitikia, habari baada ya habari, na kila alipoitikia, hewa ilizidi kuwa nzito ya harufu ya ziwa.

"Mtoto huyo ni wako?"

Na kwa sababu sasa aliogopa kweli, Dainess alishikilia kile alichofundishwa. Akamkana mtoto kwa nguvu zaidi.

"Si wangu, bibi. Wallahi si wangu." Hata hakuwa Mwislamu, kiapo kilimtoka tu kama kinavyowatoka watu wa Ujiji. "Ni wa watu. Ana wenyewe."

Bibi akatabasamu. Meno yalikuwa machache.

"Ana wenyewe," akarudia, polepole, kama mtu anayetaka shahidi asikie vizuri. "Haya."

Akasogea pembeni.

Dainess akapita upesi. Alitembea kama anafukuzwa. Majani makavu yalivunjika chini ya viatu vyake, kwacha... kwacha... kwacha...

Ilimchukua muda kuelewa alichokuwa anasikia.

Ilikuwa sauti ya miguu miwili tu.

Akageuka. Mgeni alikuwa nyuma yake, anatembea juu ya majani yaleyale. Hayakutoa sauti. Hayakulala chini ya nyayo zake. Na pindo la kitenge alikuwa ameliachia.

"Njoo," Dainess akanong'ona. "Shika hapa. Shika."

Mtoto hakushika. Alikuwa anatazama kule walikotoka.

Mbele yao njia ikapanda kidogo. Mahali pa wazi. Jiwe. Maganda. Jua sasa lilikuwa limegusa ule moshi wa upande wa Kongo, jekundu, na giza lilikuwa linaanza kuinuka kutoka chini, kati ya miti.

Dainess alikaa chini. Hapo akaliona jambo lote kwa uwazi, kama fundi anavyouona mshono akigeuza nguo upande wa ndani. Ameulizwa mara mbili, na mara mbili amejibu. Hakuna aliyemnyang'anya mtoto. Alikuwa anamtoa mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa adabu, huku amepinda magoti. Na uchungu ukamjia kwamba hata kesho ilikuwa hivyohivyo. Kesho angekaa kwenye kiti cha ofisi, amevaa vizuri, aulizwe swali hilihili, na aseme neno hilihili.

Hofu haikumwisha. Lakini juu yake ilikuja hasira, na Dainess alikuwa mtu asiyekasirika mara kwa mara, kwa hiyo alikuwa nayo nyingi ya akiba.

Akavua kitenge. Akamwinua Mgeni, akamweka mgongoni, mtoto wa miaka mitano ambaye miguu yake ilifika mapajani, akamfunga mafundo mawili kifuani. Akashuka.

Kona ya kwanza.

Kona ya pili.

Bibi alikuwa anamsubiri. Kifuani alikuwa amefunga mbeleko, tayari, mgongoni imelegea ikisubiri wa kubebwa. Ilikuwa inachuruzika maji.

"Mwiriwe."

Magoti ya Dainess yalitaka kupinda. Aliyakaza. Mikono ilitaka kuinuka. Aliifunga kwenye fundo la kitenge. Alikuwa hajawahi maishani mwake kumpita mtu mzima bila kumsalimu, na ilimuuma mwilini, kweli kweli, kama kumeza mfupa.

"Mwiriwe," bibi akarudia.

Dainess akakaza fundo.

"Huitikii salamu? Wazazi wako hawakukulea?"

"Walinilea," Dainess alisema. "Leo siitikii."

Bibi akainamisha kichwa upande, akamtazama mtoto mgongoni. Sauti yake ikawa laini.

"Kaneza," akaita. "Kaneza wanje. Ngwino."

Kaneza wangu. Njoo.

Mgongoni, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano, mtoto akageuka kama anayeitwa. Dainess alisikia shingo ndogo ikiinuka kutoka begani mwake.

"Umesema mwenyewe," bibi akasema. "Si wako. Ana wenyewe. Nimekuja. Nipe."

"Nilidanganya," Dainess akasema. "Huyu ni wangu."

"Ulimzaa lini?"

"Sikumzaa. Nilikesha naye siku saba ana malaria, nikimpa uji kwa kijiko. Mwanangu Noel nilimzaa kwa saa nne tu. Huyu alinichukua wiki nzima."

"Jina lake nani?"

Dainess akafungua mdomo. Mgeni? Angesema Mgeni? Bibi akaanza kucheka, kicheko chembamba chenye maji kooni, na aibu aliyoipata Dainess ilikuwa kubwa kuliko hofu. Miezi mitano mtoto amelala nyumbani kwake bila jina, kama mzigo wa mtu uliowekwa uani.

"Marcelina," akasema.

Kicheko kikakatika.

"Marcelina. Ni jina la mama yangu, aliyenizaa Kalinzi na amezikwa Kalinzi. Sasa ni lake. Nenda kamuulize mama yangu huko mliko kama amekataa. Na unipishe njia, bibi, nina chakula cha jioni cha kupika."

Bibi hakupisha.

Dainess hakumzunguka. Alitembea moja kwa moja, akampitia katikati.

Baridi. Baridi ya maji ya chini, kule jua lisikofika. Masikio yalijaa mvumo. Mdomoni alionja tope. Kisha akawa upande wa pili, anatembea, anatapika na anatembea.

Mtoto akaanza kuwa mzito.

Mwanzo kama gunia la mihogo. Kisha kama gunia la mihogo lililolowa. Fundo la kitenge likamkata kifuani. Kila hatua uzito uliongezeka. Dainess aliinama, mikono yake ikakaribia kugusa chini, akatembea kama mnyama, anahema, anahesabu mawe meupe kwa sauti. Mkono mdogo ulimshika shingoni. Hakujua ulikuwa unashikilia au unasukuma.

Nyuma yake, karibu sana, sauti ya mumewe.

"Mama Noel."

Alitaka kulia kwa furaha.

"Mama Noel, umechoka. Mshushe kidogo, nikusaidie."

Aliinua macho kutoka chini. Mbele, chini ya mteremko, taa ya chemli ilikuwa inawaka kibandani. Pembeni ya taa alisimama Erick, amemshika Noel mkono, anapiga kelele kuelekea msituni. "Dainess! Dainess!"

"Mshushe," Erick wa nyuma akanong'ona, shingoni. "Mshushe tu. Kwa muda."

"Kwa muda hakuna tena," Dainess akasema akiwa ameuma meno. "Umesikia? Hakuna tena."

Hakugeuka. Akashuka hatua moja. Akashuka nyingine. Uzito ukafika mahali ambapo mifupa ya mgongo ililia, na hapo ndipo mkono mdogo shingoni ukakaza. Ulikuwa unashikilia. Dainess akapiga ukelele, si wa hofu, akakimbia meta zilizobaki na kuanguka mbele ya kibanda cha Gervasi, mikono imeukumbatia mgongo wake mwenyewe.

Ilikuwa saa moja kasoro kumi. Erick alikuwa ametoka msituni saa kumi na moja, akasubiri, kisha yeye na Gervasi wakaizunguka njia yote, wakiita. Hawakumwona mtu, wala bibi wala mke. Kwenye mahali pa wazi hapakuwa na chochote isipokuwa maganda ya karanga.

Kitenge kilikuwa kimelowa chapachapa. Gauni la mtoto lilikuwa kavu.

Gervasi alikishika kitenge, akakinusa, akakaa chini kwenye gogo. Alipoulizwa, alizungumza akitazama taa.

"Mwezi Machi, wiki ile aliyookotwa mtoto, mtumbwi ulipinduka hapo chini," akasema. "Miili saba tuliiopoa. Tuliizika huku juu, kwenye kona ya pili, maana chini ni mchanga. Mmoja alikuwa bibi. Mbeleko alikuwa ameifunga vizuri kabisa, fundo kama hilo lako. Ndani hamkuwa na mtoto."

"Na hukusema?" Erick akauliza.

"Ningesema, nani angekuja kutembea?"

Dainess alilia hapo, kwa sauti, na hakujililia mwenyewe. Alimlilia bibi yule aliyezama na mbeleko tupu. Huenda ni yeye aliyemfikisha mtoto mchangani, akiwa mkavu, kwa namna ambayo haielezeki. Huenda ni bibi yake kweli. Na huenda ni kitu kingine kilichovaa sura yake na kujua jina, nani atathibitisha? Lakini alipomaliza kulia alijifuta uso, akamfunga tena mtoto mgongoni, na Erick aliponyoosha mikono kumpokea, akatikisa kichwa.

"Kesho nitaongea mimi," akasema.

Erick alimtazama mkewe, nywele zimejaa tope la ziwa juu ya kilima kikavu, na akasema sawa.

Jumatatu walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Karani wa ofisi ile, dada mmoja anayeitwa Skolastika, alifungua daftari.

"Mtoto huyu ni nani wenu?"

"Ni wangu," Dainess akasema, kabla swali halijaisha. Kisha akamtazama mumewe.

"Ni wetu," Erick akasema.

"Jina?"

"Marcelina Erick."

"Jina la zamani linajulikana?"

Jina lile aliloliita bibi, Dainess alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Wala Erick. Lakini mtoto aliyekuwa amesimama kati ya miguu yake akainua uso, na kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumika, akasema:

"Kaneza."

Erick akashika meza. Dainess akafumba macho kidogo, akayafumbua.

"Andika yote mawili," akasema. "Alipewa na mtu aliyempenda. Hatulifuti."

Kalamu ya Skolastika ilikuwa imesimama hewani. Alikuwa anamtazama mtoto, kisha mlango, kisha mtoto.

"Kuna bibi nimemkuta hapo kwenye ngazi wakati nafungua ofisi," akasema taratibu. "Amenisalimu kwa Kirundi. Amesema anatafuta mtoto wa jina hilo. Nimemwambia asubiri." Akanyoosha shingo kutazama nje, kwenye benchi la saruji walikokaa watu wengine wa foleni. "Sijui ameelekea wapi. Akirudi, nimwambie nini?"

Dainess alisaini. Akamwinua Marcelina Kaneza mgongoni, akakaza fundo la kwanza, akakaza la pili.

"Mwambie mtoto ana mama," akasema. "Na akiuliza tena, mwambie hivyohivyo. Akiuliza mara mia, mwambie mara mia."